Mapenzi na marehemu: mwongozo kamili wa kuandika simulizi ya mzuka ambayo msomaji wa mapenzi ataifikisha mwisho

Simulizi za mapenzi na marehemu, zinazotolewa sehemu kwa sehemu, huanza kwa kishindo. Sehemu ya 1 inasifiwa, sehemu ya 3 watu wanadai mwendelezo kwa fujo, halafu ikifika ya 7 au ya 8 wapenzi wa simulizi za mapenzi wameshahama. Wanaobaki ni wapenda vitisho, nao wananung'unika kwamba damu haitoshi. Mwandishi anadhani kosa ni lugha, au bei aliyoweka kwa sehemu zilizobaki.

Mara nyingi kosa liko kwingine. Msomaji wa mapenzi huja na madai mawili: wapendanao wawe ndio kiini cha hadithi, na mwisho umwache na moyo mkunjufu. Marehemu anayahatarisha yote mawili kwa wakati mmoja. Msomaji wa pwani ana dai la tatu pia, na asipolipata hatulii: anataka kujua huyo anayekuja usiku ni nani hasa.

Hatua zilizo hapa zinafuata simulizi moja ya kubuni, mjini Tanga. Mwanaisha ni mjane wa mtaa wa Ngamiani, hana mtoto wala mimba. Bakari, mumewe, alikuwa nahodha. Alikufa baharini, mwili ukapatikana na kuzikwa. Salimu ni fundi wa mashua, naye ndiye mpenzi aliye hai. Majina badilisha upendavyo, ila mpangilio usiuguse mpaka umeelewa kwa nini uko hivyo.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kalenda yenye tarehe za mwezi mwandamo, ya mwaka utakaoandikia hadithi.
- Jedwali la maji kujaa na kupwa la bandari ya Tanga. Ukilikosa, mvuvi yeyote atakupa saa kwa kichwa.
- Daftari la kurasa 40 au zaidi. Ukurasa wa 1 ni wa sheria za marehemu, wa 2 ni wa madeni, wa 3 ni wa kalenda. Zilizobaki ni za sehemu, ukurasa mmoja kwa kila sehemu.
- Wasomaji wa majaribio 5: watatu wapenzi wa simulizi za mapenzi, mmoja asiyezipenda, na mmoja mwanamke mtu mzima aliyewahi kukaa eda, ule muda wa mjane kujitenga baada ya kufiwa na mume. Huyu wa mwisho usimruke hata kidogo.
- Mtu wa kumuuliza mambo ya mazishi na mirathi: shehe, ustadhi, au ndugu aliyesoma.

Hesabu ya maneno: sehemu 28, kila moja maneno 1,000 hivi. Chini ya 800 msomaji anaona ameibiwa, na zaidi ya 1,300 anasoma kwa kuruka.

## Hatua ya 1: Amua anayetokea ni nani

Mzimu, mzuka, kivuli, pepo, jini. Mwandishi mchanga huyatumia haya kwa zamu ili asirudie neno. Kwa msomaji wa Tanga hayo ni mambo tofauti kabisa.

Mzimu ni wa ukoo au wa mahali, na unapelekewa sadaka, kama wafanyavyo watu katika Mapango ya Amboni. Hakuna anayeupenda mzimu kimapenzi. Mzuka hutokea ghafla na kupotea. Kazi yake ni kushtua. Jini ana maisha yake mwenyewe, na yule anayependa wanadamu ana jina linalojulikana na kila mtu: jini mahaba.

Hapo ndipo simulizi nyingi hufia. Mwandishi anamleta mwanamume mzuri, ananukia, anakuja kila usiku. Mwanamke anaanza kukonda, hataki kula, anawakataa wachumba. Mwandishi anaona penzi zito, msomaji anaona dalili za ugonjwa. Kuanzia hapo maoni yote ni aina moja: "Apelekwe kwenye kisomo", yaani akasomewe dua jini atoke. Huwezi kuwabishia, kwa sababu kwa mujibu wa ulichoandika wana haki.

Njia ya kumfanya marehemu atembee mitaani nayo ina kikwazo. Wasomaji wako wengi wanaamini aliyekufa yuko barzakhi, mahali roho zinaposubiri kufufuliwa, na kutoka huko hakuna anayerudi kununua kahawa Barabara ya 12. Ukimrudisha Bakari kwa miguu yake, watahitimisha kwamba ni jini aliyevaa sura yake.

Mlango ulio wazi ni ndoto. Kuota marehemu anakuja na ujumbe hakumshangazi mtu pwani nzima. Huelezwa asubuhi jikoni, kama habari nyingine. Basi Bakari aje usingizini.

Onyo: ndoto ina mtego wake. Ukimaliza kwa "kumbe alikuwa anaota tu", msomaji atajiona amechezewa. Kinga ni kwamba kila ndoto ilete jambo moja linaloweza kuhakikiwa mchana: karatasi iliyo ndani ya kasha, jina la mtu, kiasi cha fedha. Mwanaisha akienda kutazama, akute.

Umefaulu ikiwa unamweleza msomaji wako wa majaribio hadithi kwa sentensi moja naye anauliza "ikawaje?" Akiuliza "si jini huyo?", rudi mwanzo wa hatua hii.

(Kiswahili kimekuwekea zawadi hapa, usiipoteze. *Kizuka* ni kiumbe kinachotokea usiku, na pia ni mjane aliye ndani ya eda. Vizuka viwili, nyumba moja. Litumie neno hilo mara mbili tu katika simulizi nzima, tena kinywani mwa mtu mzima, bila kulifafanua.)

## Hatua ya 2: Chagua mwisho kabla ya sentensi ya kwanza

Kuna miisho minne, na haina thamani sawa.

Marehemu kumbe hakufa. Mwepesi kuandika na unauzika, lakini unadai mwili usipatikane tangu mwanzo. Pia ndoa ya mtu aliyepotea ina taratibu zake kwa kadhi na mahakamani, kwa hiyo uliza kabla hujamwozesha mwanamke mara ya pili.

Marehemu anarudishiwa mwili. Mahali pengine hupokelewa. Kwa msomaji wa Tanga au Bagamoyo ni mgumu mno, kwa sababu zilezile za hatua ya 1.

Aliye hai anamfuata marehemu. Huu uache. Unamwambia mtu mwenye msiba kwamba kufa ni njia ya kukutana, na wapo wanaosoma wakiwa na huzuni ya kweli. Tena unavunja ahadi ya moyo mkunjufu.

Marehemu anampisha mpenzi aliye hai. Ndio tunaoufuata. Ugumu wake uko katika mizani: ukimpenda sana Bakari, Salimu ataonekana mabaki, ukimpenda sana Salimu, Bakari ataonekana kizuizi. Dawa ni kwamba Salimu awe ndani ya hadithi tangu sehemu ya 1, na kwamba marehemu mwenyewe ndiye amtaje.

Andika sentensi ya mwisho ya simulizi sasa hivi, ukurasa wa 40. Utaibadilisha baadaye, lakini lazima iwepo.

## Hatua ya 3: Mpe marehemu deni

Hii ndiyo injini. Simulizi nyingi zina marehemu asiye na shughuli: anakuja, anatazama, anasema anakupenda, anaondoka. Mara mbili inatosha. Mara ya tatu msomaji anapiga miayo, kwa sababu penzi lisilo na la kufanya halisogei.

Pwani haikosi sababu ya mfu kukosa utulivu. Kabla au baada ya kuzika, msemaji wa familia husimama na kutangaza: mwenye kumdai marehemu ajitokeze kwa jamaa zake, au amsamehe. Deni ni mzigo juu ya roho. Kila msomaji wako ameshawahi kuyasikia au kusimuliwa maneno hayo, kwa hiyo huna haja ya kumweleza lolote.

Mpe Bakari madeni mawili.

La kwanza ni mahari. Tuseme yalikuwa shilingi 1,000,000. Alilipa 400,000, zikabaki 600,000 kwa ahadi. Mahari yaliyobaki ni deni la mke juu ya mali ya mume, na madeni hulipwa kabla mirathi haijagawanywa.

La pili ni la Salimu: shilingi 150,000 za kubadilisha ubao mmoja wa mashua na kuikalafati, yaani kuziba nafasi kati ya mbao. Siku ya mazishi, tangazo likitolewa, Salimu anatazama chini na kunyamaza. Hakudai, na hakusema amesamehe.

Ukimya huo ndio penzi la hadithi nzima, nao unakaa katika sehemu ya 1, kwa mistari isiyozidi mitatu. Msomaji ataupita. Akifika sehemu ya 22 atarudi kuutafuta.

Sasa fanya hesabu, maana msomaji mmoja hakika ataifanya. Mashua imeuzwa shilingi 3,000,000. Shemeji mtu, ndugu wa marehemu, anagawa haraka: mke wa marehemu asiyeacha mtoto ana robo, chukua 750,000. Anaonekana mwadilifu. Lakini ukitoa madeni kwanza, 600,000 na 150,000, inabaki 2,250,000, na robo yake ni 562,500. Mwanaisha anastahili mahari 600,000 pamoja na 562,500, jumla 1,162,500. Amepunjwa 412,500 mbele ya watu, kwa sauti ya upole.

Angalia: ukimpa Mwanaisha mtoto, robo inageuka thumuni, yaani moja ya nane, na hesabu ya fungu lake inabadilika. Ukimpa mimba, eda nayo inabadilika, itaisha anapojifungua. Waandishi wanaoongeza mtoto katikati ya simulizi "ili iguse" huvunja hesabu na kalenda kwa mkupuo mmoja.

Umefaulu ikiwa unaweza kujibu kwa maneno yasiyozidi kumi: marehemu anataka nini? "Alipwe Mwanaisha mahari, na Salimu atamke kwamba amesamehe." Hilo ni jambo la kufanyika. "Anataka kupendwa milele" halifanyiki.

## Hatua ya 4: Funga hadithi kwenye eda na bamvua

Eda ya mjane ni miezi 4 na siku 10 za mwezi mwandamo, karibu siku 128. Hiyo ni saa ya ukutani ambayo kila msomaji anaisikia ikigonga, bila wewe kuitaja.

Bamvua, maji yanayojaa na kupwa kupita kawaida, huja mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, siku hiyo au moja mbili baadaye. Kati yake kuna maji mafu, yasiyopanda wala kushuka sana. Weka sheria hii: Bakari alikufa baharini, basi huja usiku wa bamvua tu, maji yanapokuwa yametoka kabisa.

Tuseme amezikwa siku mwezi ulipoandama. Bamvua ya siku hiyo iache, nyumba imejaa watu wa matanga na hakuna anayelala vizuri. Zinazobaki huangukia takriban siku ya 15, 30, 44, 59, 74, 89, 103 na 118. Ni ziara nane.

Ziara nane mara sehemu tatu ni sehemu 24: moja ya kusubiri, moja ya ndoto, moja ya matokeo yake mchana. Mbili za mwanzo ni za kifo na matanga, mbili za mwisho ni za kutoka eda. Jumla 28.

Tazama inavyojipanga yenyewe. Hitima ya arobaini, kisomo cha kumwombea marehemu, inaangukia siku ya 40, siku nne tu kabla ya ziara ya tatu, kwa hiyo ndoto hiyo iwe nzito kuliko mbili za mwanzo. Na siku ya 128, eda inapokwisha, maji mafu ndiyo kwanza yamepita: bamvua iliyopita ilikuwa siku kumi nyuma, ijayo haijafika. Siku Mwanaisha anapokuwa huru, Bakari hana njia ya kuja. Huna haja ya kumfukuza, bahari imekufanyia.

Kosa linalochekesha watu wa pwani. "Ilikuwa bamvua, saa sita usiku, maji yamejaa mpaka ukutani." Kwa pwani ya Tanga, siku za bamvua maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu saa nne hadi saa tano, asubuhi na usiku. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika kama 50. Tofauti kati ya kujaa na kupwa wakati huo hupita mita 3. Kwa hiyo ndoto zianze saa nne na nusu usiku au saa tano, ufuo ukiwa mpana na mtulivu, ngalawa zimelalia ubavu kwenye tope.

Msimu nao uchague kwa makusudi. Upepo wa kusi huchafua bahari katikati ya mwaka na kuleta ubaridi. Mtu akifa katikati ya Juni, eda inaisha karibu tarehe 21 Oktoba, vuli inanukia. Ukianza wakati wa kaskazi, Januari, unapata joto na usingizi wa mang'amung'amu, unaofaa ndoto, lakini bahari ya kuzamisha nahodha mzoefu itabidi uitafutie sababu nyingine.

## Hatua ya 5: Sheria za kuonekana, kugusa na kunukia

Andika sheria tano kwenye ukurasa wa 1 na usizivunje kamwe. Mfano:

1. Anakuja usiku wa bamvua tu, Mwanaisha akiwa amelala.
2. Haonwi na mtu mwingine.
3. Hawezi kusema jambo ambalo hakulijua akiwa hai.
4. Anaweza kugusa mkono, basi.
5. Kila deni likilipwa, sauti yake inapungua.

Sheria ya tatu ndiyo inayomzuia asiwe mganga wa kutabiri. Ukiikosa, utajikuta unamtumia kutatua kila tatizo. Sheria ya tano inaleta maumivu yanayotakiwa: Mwanaisha akitenda haki, anampoteza. Kuna sehemu moja, ya 17 au ya 18, ambapo anazo risiti mkononi na anazificha chini ya godoro kwa sababu hataki sauti ipungue. Hiyo ndiyo sehemu bora utakayoiandika, ipe maneno 1,300 ukitaka.

Kuhusu kugusa, kuwa mkali. Wapo wanaodhani msomaji wa mapenzi atachoka bila chumba cha kulala. Lakini ndoto za kulala na marehemu zinarudisha lile neno *jini mahaba* mara moja, na hapo hakuna kurudi nyuma. Mkono juu ya mkono, ukiandikwa vizuri, unatosha sehemu ishirini.

Harufu inahitaji uangalifu zaidi kuliko sura. Karafuu maiti, hata ukiitaja mara moja, humpeleka msomaji moja kwa moja kwenye kuosha maiti, na mapenzi yamekwisha. Ubani ni wa dua na matanga. Udi una pande mbili, harusi na kupunga pepo, basi uutumie ikiwa unataka wasiwasi. Asumini ni ya bibi harusi na kitanda cha ndoa, haina utata.

Basi Bakari aache harufu ya asumini. Mwanaisha yuko kwenye eda, hapaswi kujitia manukato. Asubuhi mavyaa, mama wa Bakari, anaingia chumbani kumjulia hali, ananusa, ananyamaza, anatoka. Umepata mgogoro wa sehemu tatu bila kumleta adui mpya.

Sanda, pamba puani, macho meupe, funza: ondoa vyote. Ni mali ya simulizi za kutisha.

Kuhusu hofu, kipimo ni hiki. Ndoto ya kwanza iwe na woga wa nusu ukurasa. Watoto wa pwani hukatazwa kuitikia sauti inayowaita usiku, na Mwanaisha analikumbuka hilo. Anaitwa mara mbili, anakaza meno. Mara ya tatu Bakari anamwita kwa jina la utani ambalo hakuna mwingine analijua. Anaitika. Kuanzia ndoto ya tatu woga wote uhamie mchana: kwa shemeji, kwa mavyaa, kwa majirani.

## Hatua ya 6: Chagua mahali pamoja

Msomaji hahitaji ziara ya mji. Nyumba moja ya Ngamiani yenye ua, ufuo mmoja, karakana moja ya mashua, makaburi.

Tanga ina Kisiwa cha Toten ndani ya ghuba, na jina lake limetokana na neno la Kijerumani la wafu. Kina magofu na makaburi ya kale. Kishawishi cha kumweka marehemu huko ni kikubwa. Kizuie: kitumie kama kitu kinachoonekana kwa mbali kutoka ufuoni, mara tatu au nne, basi. Ukimpeleka Mwanaisha kisiwani, umeingia kwenye simulizi ya hazina.

Magofu ya Tongoni, kusini mwa mji kwa njia ya Pangani, yana makaburi ya nguzo, mengi yameanguka. Ukihamishia hadithi Bagamoyo, utakuta mengine Kaole, kama kilomita 5 kusini mwa mji. Yote yanavutia kalamu, lakini Kaole yapo makaburi ambayo watu bado huyaendea kwa dua. Usiweke hapo miadi ya wapenzi, wala usichukue jina lililo juu ya kaburi lolote. Bakari azikwe kwenye makaburi ya kawaida ya mtaa, yenye mwarobaini na kibao cha bati.

## Hatua ya 7: Mlinde mjane, mwamshe Salimu

Mjane kwenye eda halali nje ya nyumba, hajipambi, na haposwi waziwazi. Kudokeza kunaruhusiwa, kutamka ni mwiko. Mwandishi asiyelijua hili humpeleka Mwanaisha ufuoni usiku wa siku ya 20, na kuanzia hapo wasomaji wanawake watu wazima wanamhukumu yeye na kuiacha hadithi.

Eda inaonekana kama pingu kwa mwandishi wa mapenzi, lakini ndiyo inayokupa kazi. Wapendanao wasioweza kukutana ndio msingi wa simulizi nyingi za mapenzi. Salimu afikishe ujumbe kupitia watu: mpwa wa miaka tisa, kikapu cha samaki, ufunguo wa kasha uliobaki karakana. Asizidi kuonekana mara sita kabla ya sehemu ya 20, na kila mara awe anafanya kazi kwa mikono. Anasokota pamba ya kalafati, anapasha mafuta. Fundi anayekaa tu akihuzunika hapendezi.

Ni lazima Mwanaisha aamue mwenyewe. Kosa la kawaida ni Bakari kusema "nakukabidhi kwa Salimu", kama anatoa funguo za nyumba. Sheria ya tatu inakusaidia: Bakari anachojua ni kwamba alikuwa na deni kwa Salimu. Ndoto ya saba anamwambia hilo tu: "Fundi ananidai laki na nusu." Kilichobaki anakifahamu Mwanaisha mwenyewe, akikumbuka aliyosimuliwa: nani alinyamaza siku ya mazishi.

## Hatua ya 8: Wasemeshe kama wanavyosemeshana

Mume na mke wa Ngamiani hawaambiani "mpenzi wangu" kila sentensi. Bakari amwite kwa jina, au "mke wangu" anapotaka jambo. Mwanaisha akimwambia "bwana wee", ukaribu umeshaonekana. Shemeji aseme "shemeji" kwa utamu unaozidi kipimo. Kwa mavyaa, Mwanaisha aanze na shikamoo kila asubuhi, hata asubuhi ile ya asumini, na siku hiyo marahaba ichelewe.

Marehemu asizungumze kishairi. Aseme mambo madogo: kamba ya mtungi imechakaa, mlango wa uani unagonga. Ufasaha wa ghafla ndio unaomfanya aonekane jini.

## Hatua ya 9: Jaribu kabla ya kutoa

Wape wasomaji wako watano sehemu ya 1 hadi ya 9 kwa pamoja, bila maelezo. Siku tatu baadaye uliza maswali manne na uandike majibu neno kwa neno.

*Bakari ni nani?* Akijibu "jini" hata mmoja kati ya watatu wa mapenzi, tatizo ni kugusa au harufu. *Anataka nini?* Wasipojua, hatua ya 3 haijaiva. *Unadhani itaishaje?* Unataka majibu yatofautiane. Wote wakisema "ataolewa na Salimu", Salimu umemwonyesha mno, punguza mara mbili. *Ulisimama wapi kusoma?* Penye majibu mawili yanayolingana, kata theluthi.

Yule mwanamke aliyekaa eda mpe zote 28, na umwombe akuwekee alama kila mahali penye uongo. Atakuta vitu ambavyo huwezi kuvikuta: nguo ya rangi siku ya 60, mgeni wa kiume aliyeingia mpaka ndani, chakula kilichopikwa siku ya matanga nyumbani kwa mfiwa wakati majirani ndio huleta. Rekebisha vyote bila kujitetea.

Ukianza kutoa, sehemu mbili kwa wiki zinatosha; simulizi yote itachukua wiki 14 kasoro kidogo. Ila sehemu ya 27 na ya 28 zitoe siku moja, zikifuatana kwa saa mbili. Ya 27 inaisha Salimu akiwa mbele ya watu wa familia, anatamka "nimemsamehe", na usiku ule Mwanaisha anasubiri sauti isiyokuja. Msomaji akilala na hiyo peke yake, kufikia asubuhi ameshaandika kwamba mwisho ni mbaya. Ya 28 ndiyo yenye hodi mlangoni, mchana kweupe, siku ya 130, na Mwanaisha anajitia asumini mwenyewe kabla hajaitikia.